Kisiwa cha Msumbiji, Harar au Asmara: mwashi wa Mikindani aanzie wapi?

Mwashi_Mikindani

Wanajamvi wa Kusini, habari za msimu.

Naomba ushauri wenu. Kazi yangu ni uashi, na zaidi natengeneza nyumba za zamani hapa Mikindani, zile za kuta za matumbawe, chokaa na dari za boriti. Korosho za nyumbani zimeuzika vizuri mnadani, na nimeamua fungu moja la fedha hiyo liende kwenye safari ya nje ya nchi, kwa ajili ya kutazama majengo tu. Dubai na maghorofa ya vioo sivihitaji. Nataka mji ambao watu wetu hawauendei, uliojengwa kwa namna yake, na ambao wenyeji bado wanalala na kupika ndani ya hizo nyumba. Magofu ninayo ya kutosha Kilwa.

Baada ya kusoma na kuulizia nimebakiwa na miji mitatu. Kisiwa cha Msumbiji, kwa sababu kimejengwa kwa matumbawe kama kwetu. Harar ya Ethiopia, mji wa Kiislamu uliozungushiwa ukuta huko milimani. Na Asmara ya Eritrea, ambayo Waitalia waliijaza majengo ya ajabu miaka ya 1930. Yote mitatu imo kwenye Urithi wa Dunia: Kisiwa kiliingia 1991, Harar 2006, Asmara 2017.

Aliyefika, au anayejua vizuri, anisaidie: nianze na upi, na nikifika niangalie nini? Fedha inakamilika Desemba, na ningependa niwe nimerudi kabla masika hayajakolea.

Mzee_wa_Masasi

Mwanangu, nakushauri Kisiwa. Sisi Wamakua wa Masasi tuna ndugu Nampula, na kule utazungumza na watu. Kimakua cha kisiwani kina lafudhi yake, lakini mtaelewana, na ukikwama wapo wazee wa pwani wanaokijua Kiswahili.

Kisiwa chenyewe ni chembamba, urefu wake kama kilomita tatu, na kinaungana na bara kwa daraja refu ambalo gari moja likiingia, la upande wa pili linasubiri kwenye sehemu za kupishana. Kilikuwa makao makuu ya Wareno Afrika Mashariki mpaka 1898, walipohamia Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Serikali ilipoondoka, ujenzi mkubwa ulisimama. Ndiyo maana mji wa mawe umebaki karibu na ulivyokuwa.

Kaskazini utaikuta ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa 1558. Waholanzi waliizingira 1607 wakashindwa, wakarudi 1608 wakashindwa tena. Wewe mwashi usiishie kutazama mizinga. Tazama mapaa. Kisiwa hakina maji baridi ya kutosha, kwa hiyo sakafu za juu za ngome zimepewa mwinamo ili kila tone la mvua literemke kwenye birika kubwa la chini. Nyumba za mjini nazo ni bapa juu kwa sababu hiyohiyo. Nyuma ya ngome, nchani kabisa mwa kisiwa, kuna kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte la mwaka 1522. Linatajwa kuwa jengo la kale kuliko yote ya Wazungu yaliyobaki upande huu wa kusini wa dunia.

Halafu nenda kusini, Mji wa Makuti. Mawe ya kujengea mji wa matajiri yalichimbwa huko, ardhi ikabaki shimo, na ndani ya shimo hilo wakajenga mabaharia, wavuvi na watumwa. Mpaka leo ukisimama barabarani unayatazama mapaa kwa chini, na mvua ikinyesha sana maji yanaingia vyumbani. Miji miwili kwenye kisiwa kimoja, na mmoja umetolewa mwilini mwa mwingine. Hilo ndilo ningependa ulione kwa macho yako, maana hakuna picha inayolieleza.

Mchoraramani_Lindi

Shikamoo Mzee. Maelezo yako nayaheshimu sana, lakini mimi nasimama na Asmara.

Kaka Mwashi, wewe chokaa unaijua. Kitu ambacho huku kwetu hatujakiona ni zege likifanywa kazi kwa ujasiri. Asmara kuna kituo cha mafuta kinaitwa Fiat Tagliero, kilichochorwa na Giuseppe Pettazzi na kumalizika 1938. Kina umbo la ndege. Katikati ni mnara wenye vioo, na kila ubavu una bawa la zege linalotoka kama mita 15 hewani bila nguzo hata moja chini yake. Husimuliwa kwamba wakubwa wa mji walikataa kuamini bawa litasimama, wakalazimisha nguzo, na siku ya ufunguzi Pettazzi akaamuru mirunda yote iondolewe kwa kumwelekezea mkandarasi bastola. Kisa hicho kiwe cha kweli au cha kunogesha, mabawa yapo mpaka sasa, na yamepita kwenye vita vya miaka mingi.

Na siyo jengo hilo tu. Kuna sinema ya Impero ya 1937 yenye safu za taa za duara usoni, kuna Msikiti Mkuu wa 1938, kuna nyumba za kawaida za ghorofa mbili zilizokunjwa kona kwa ustadi. Mji mzima unatembeleka kwa miguu, upo mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari, hakuna joto, na watu wanapenda baiskeli kupita kiasi. Sijui mji mwingine Afrika ambao utaona kizazi kimoja cha wachora ramani kimepewa nafasi ya kujaribu kila kitu mtaa hadi mtaa.

Binti_Newala

Kaka Mchoraramani, uzuri wa Asmara haukataliki. Ila tusiusifie bila kusema ulivyopatikana. Kasi ile ya ujenzi ilikuja kati ya 1935 na 1941, Mussolini alipoifanya Eritrea kuwa kituo cha kuivamia Ethiopia. Mwaka 1939 Waitalia walikuwa karibu 53,000 katika mji wa watu 98,000. Ramani iligawa mitaa kwa rangi ya mtu, na Waeritrea waliolibeba hilo zege vichwani waliwekwa kaskazini, kwenye mtaa wao wenye vichochoro. Ukienda, kaka Mwashi, utembee na huko pia, usiishie kwenye barabara kuu yenye mitende.

Mimi nakupeleka Harar. Nilikuwa na kazi Addis Ababa, nikapata nafasi ya kushuka huko, na sijawahi kuona nyumba iliyofikiriwa namna ile.

Kwa nje hakuna kitu. Ukuta mrefu wa mawe uliopakwa chokaa au rangi, mlango, basi. Ukishavuka ua na kuingia sebuleni ndipo unasimama mdomo wazi. Sakafu haiko sawa. Imeinuliwa kwa ngazi tano za kukalia, zote zimejengwa kwa udongo na mawe pamoja na nyumba yenyewe, na kila moja ina mwenyewe. Ya mwenye nyumba inaelekea mlangoni ili amwone anayeingia. Wageni wa heshima wana yao, vijana yao, na kadhalika. Vikalio na sakafu hupakwa rangi nyekundu. Wenyeji husimulia kwamba ni kumbukumbu ya waliokufa vita vya Chelenqo, 1887, Menelik alipouteka mji.

Na kutani, kaka yangu, kuna zidaka! Zimechongwa ndani ya ukuta vilevile kama za nyumba za pwani, za kuwekea vitabu na vyombo. Kuta zilizobaki zinafunikwa na vikapu vya kusukwa, kazi za mikono ya wanawake wa nyumba hiyo. Dari ni miti iliyopangwa karibukaribu. Wewe utaielewa kuliko mimi.

Mji wa ndani, Jugol, ni hekta 48 tu, na ndani yake kuna misikiti 82, mitatu ikiwa ya karne ya kumi, na makaburi ya mawalii 102. Ukuta uliimarishwa na Amiri Nur karne ya 16. Milango ya kale ni mitano, na chini ya ukuta kuna matundu ya kupitia fisi, wanaoingia usiku kula mabaki. Jioni kuna watu wanaowalisha fisi nje ya ukuta kwa mkono. Najua kwetu fisi ana habari zake, lakini kule anahesabiwa kuwa jirani.

MamaDuka_Ligula

Jamani naomba niseme na mimi mfanyabiashara. Wengi wetu tunakwenda Guangzhou kufuata mzigo, tunaishia sokoni na hotelini. Saa chache kwa basi kutoka hapo kuna Kaiping, vijiji vyenye minara ya kuishi watu katikati ya mashamba ya mpunga. Ni minara zaidi ya 1,800. Waliijenga Wachina waliokwenda kutafuta maisha Marekani, Kanada na kwingine, wakarudi au wakatuma fedha, hasa miaka ya 1920 na 1930. Chini ni kuta nene, madirisha madogo ya chuma na matundu ya bunduki kwa sababu ya majambazi. Ghorofa za juu ni za kupandia mafuriko yakija. Juu kabisa wameweka nguzo za Kizungu, kuba, nakshi, kila mtu alichokiona ughaibuni. Mmoja unafika ghorofa tisa. Iliingia Urithi wa Dunia 2007.

Kwa safari ya mwashi kutoka Mtwara ni mbali na ni gharama, sikatai. Lakini anayekwenda Guangzhou kwa biashara aongeze siku moja tu. Nilipoviona vile vijiji niliwaza fedha za korosho zinavyojenga huku kwetu, na mtu anavyotaka nyumba yake iseme alikotoka.

Nahodha_Kilwa

Wenye ndugu Oman msiisahau Bahla. Ngome kubwa ya matofali ya udongo, mbele kidogo ya Nizwa, na ukuta wa mji unaozunguka kama kilomita 12. Iliingia Urithi wa Dunia 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya hatari kwa sababu ilikuwa ikimomonyoka, na haikutolewa humo mpaka 2004. Mwaka huohuo wa 2004 ndipo magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipoingia kwenye orodha hiyo, yakatoka 2014. Wale wameshapita njia tunayopita sisi. Mwashi akizungumza na mafundi wa Bahla atapata somo lote, ingawa udongo siyo matumbawe.

Kama fedha ni kidogo kabisa, Lamu ipo, na kwa Mtanzania ni safari nyepesi. Lakini najua umesema mji ambao watu wetu hawauendei.

Mwashi_Mikindani

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Mmenipa zaidi ya nilichoomba.

Ngoja niseme wazi kinachonisumbua kazini, labda kitasaidia kupima. Wenye nyumba wengi hapa wakipata fedha wanataka ukuta wa zamani upigwe lipu ya saruji. Unapendeza mara moja. Baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu inavimba, inabanduka na vipande vya matumbawe, na juu boriti zinaanza kuoza pale zinapoingia ukutani. Nikisema turudishe chokaa naambiwa chokaa ni ya kimaskini. Nataka kwenda mahali nikaone watu wenye fedha zao, wenye uwezo wa kununua saruji, waliochagua kubaki na ujenzi wa asili. Niwapige picha, nije niwaonyeshe wateja wangu.

Mchoraramani_Lindi

Hapo kaka umeniondolea Asmara mdomoni, nakubali.

Unachokiona kina sababu yake, na ni vizuri wateja waielezwe. Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, nao unatakiwa kuutoa. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo, inauachia unyevu upite. Saruji inauziba. Maji yenye chumvi yanabaki ndani, chumvi ikikauka inaganda na kusukuma, ndiyo huko kuvimba. Na boriti inakaa kwenye unyevu badala ya kukauka. Chokaa ikichakaa unapaka upya, ukuta unabaki mzima. Saruji ikibanduka inaondoka na ukuta.

Sasa kwa kipimo hicho Asmara haikufai safari hii. Zege lake lina matatizo ya kwake, na viza ya Eritrea inahitaji subira, ukitoka nje ya mji mgeni anatakiwa awe na kibali. Hata ndege siyo za kutegemea: za kutoka Addis zilirudi 2018 baada ya amani, zikasitishwa tena 2024. Iweke akiba kwa baadaye.

Mzee_wa_Masasi

Basi mwanangu limebaki Kisiwa na Harar. Kwa matumbawe na chokaa hakuna kinachokaribia Kisiwa, hilo silirudishi nyuma. Ila kwa kuwa umetaja Desemba, lazima nikwambie ukweli hata kama unanipunguzia hoja.

Januari mpaka Machi ni wakati wa vimbunga upande ule. Machi 2022 kimbunga Gombe kilipiga pwani ya Nampula na Kisiwa kiliumia, mapaa mengi yaling'oka. Siyo wakati wa kwenda kutazama nyumba za watu.

Na njia nayo. Mtu akitazama ramani anasema si hapo tu ng'ambo ya Ruvuma. Kivuko cha Kilambo kipo, Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo tangu 2010. Lakini vyote vinakutia Cabo Delgado, na tangu Oktoba 2017 huko kuna mapigano yanayotulia na kuibuka. Sitamtuma mtoto wa mtu barabara hiyo kwa ajili ya matembezi. Iliyobaki ni kuzunguka: Masasi, Tunduru, Songea, uvukie Mkenda kuingia Niassa, Lichinga, Cuamba, halafu Nampula. Ni mwendo mrefu, na vipande vya udongo wakati wa mvua vinakwamisha magari. Kwa ndege mara nyingi unapitishwa kusini kabisa, Maputo au Johannesburg, ndipo urudi juu. Viza Mtanzania haombi, hiyo ndiyo nafuu.

Kisiwa ni cha Juni hadi Septemba, kipupwe, barabara kavu.

Binti_Newala

Mzee, asante kwa kusema hivyo. Maana Desemba na Januari ndiyo nyakati nzuri za Harar, mvua zake kubwa ni Julai hadi Septemba.

Na kuhusu wateja wako, kaka Mwashi: Harar ndiyo mahali. Zile nyumba siyo makumbusho. Kuna familia zenye watoto ughaibuni wanaotuma fedha, na sebule ya ngazi tano inabaki, inapakwa rangi upya kabla ya harusi na sikukuu. Nyumba isiyo na vikalio vile haihesabiki kuwa ya Kiharari kamili. Saruji imeingia, nisikudanganye. Utaona ua una chumba cha matofali ya saruji na juu bati. Lakini sebule ya mbele wanaitunza kwa sababu ni heshima ya ukoo, mgeni akija anapimia hapo. Hakuna anayeiita ya kimaskini. Kama wateja wako wanaona haya, waonyeshe matajiri waliokaa kwenye vikalio vya udongo.

Kitu kingine: baada ya 1887 wafanyabiashara wa Kihindi waliingia wakajenga nyumba zao zenye varanda za mbao za kutobolewa nakshi. Mikindani nako Wahindi walijenga nyumba za roshani. Linganisha wewe mwenyewe fundi wa mbao alifanya nini kule kwenye baridi na huku kwenye chumvi.

Mwashi_Mikindani

Dada umenimaliza. Harar Januari, na fungu la pili la fedha nalizuia mpaka Juni kwa ajili ya Kisiwa, njia ya Songea. Mzee, nitakutafuta mapema unielekeze kwa hao ndugu wa Nampula.

Dada Binti, nyumba za watu unaingiaje? Sitaki kuwa yule anayechungulia milangoni na kamera.

Nahodha_Kilwa

Uamuzi mzuri. Ukirudi njoo Kilwa utuonyeshe picha, na vijana wanaojifunza ukarabati huku watafaidika. Husuni Kubwa ina kile kidimbwi cha pembe nane ambacho kila mgeni anapiga picha, lakini wachache wanauliza lipu yake ilichanganywaje ikadumu tangu karne ya 14.

Binti_Newala

Kaka, ingia kwa salamu. Ni mji wa Waislamu, "Asalaam aleikum" inafungua mengi, na ukisema unatoka pwani ya Tanzania watakuuliza habari nyingi. Chukua mwenyeji wa kukutembeza kutoka kwenye milango ya mji, mpatane bei kabla ya kuanza, umwambie mapema kwamba wewe ni fundi na unataka kuona dari, kuta na namna wanavyochanganya udongo. Kuna nyumba ambazo wenyewe wanapokea wageni na hata kulaza, sebule ni ileile ya ngazi tano. Viatu mlangoni, na kabla ya kukaa subiri uonyeshwe ngazi yako. Picha za watu omba kwanza, hasa akina mama.

Safari yenyewe: Mtwara hadi Dar, ndege ya Addis, halafu nyingine fupi ya Dire Dawa. Viza unaiomba mtandaoni kabla, na kadi ya homa ya manjano uiweke pamoja na pasi. Ulizia hali ya usalama wiki hiyo ya kuondoka, maana Ethiopia hali hutofautiana mkoa na mkoa. Dire Dawa ni joto kama Mtwara, mji wa reli ulioanzishwa 1902, nao unastahili asubuhi moja. Kutoka hapo basi dogo linapanda mlima kama saa moja hivi mpaka Harar. Beba sweta, usiku kule kuna baridi.